Nilipiga inhela ya bluu karibu mara 30 usiku mmoja. Wenye pumu tuongee kuhusu kipimo

Fundi wa Gikomba

Wadau, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana nimekaa na jambo hili tangu Julai na nikiwaona wenzangu wakifanya nilivyofanya mimi nashindwa kunyamaza.

Mimi ni fundi wa viti hapa Gikomba. Pumu ninayo tangu darasa la tatu. Vumbi la mbao, gundi, moshi wa majiko ya wanaopika nyuma ya kibanda chetu, hiyo ndiyo hewa yangu ya kila siku. Usiku mmoja wa ile baridi ya Julai kifua kikaanza kubana saa 3. Nikapiga inhela ya bluu, ile ya salbutamoli ya kufungua kifua, mara mbili, kikatulia kama nusu saa. Nikapiga tena mbili. Saa 6 nikameza kidonge cha salbutamoli cha miligramu 4, kwa sababu kilikuwamo kwenye droo na niliamini kidonge kina nguvu kuliko hewa. Saa 8 nikameza kingine. Hapo katikati niliacha kuhesabu mipulizo. Nikikadiria leo, ilikaribia 30.

Kufika saa 10 alfajiri mikono ilikuwa inatetemeka mpaka simu ikaniponyoka. Moyo ulidunda hadi nikausikia masikioni. Mashavu ya miguu yamekaza kama kamba. Na hapo ndipo nilipokosea kuliko mahali pengine pote: niliuogopa moyo, nikaiweka inhela chini, nikajilaza nikisubiri mtetemeko upite. Kifua kikazidi kufunga. Mke wangu ndiye aliyeona midomo inabadilika rangi, akaenda kumgongea jirani mwenye gari.

Hospitalini niliwekewa oksijeni na nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, nikapewa prednisoloni ya kupunguza uvimbe. Damu ilipopimwa, potasiamu ilikuwa imeshuka na sukari imepanda, na mimi sina kisukari. Asubuhi afisa wa kliniki alikaa kando ya kitanda akanipigia hesabu nyuma ya kadi yangu, na hiyo hesabu ndiyo sababu ya uzi huu.

Mpulizo mmoja wa inhela ya kawaida ya salbutamoli una maikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 kina maikrogramu 4,000. Yaani kwa uzito wa dawa, kidonge kimoja ni sawa na mipulizo 40. Nilimeza viwili. Lakini ile ya inhela inatua palepale kwenye njia za hewa na kuanza kazi ndani ya dakika 5 hivi. Ya kidonge inapitia tumboni, inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima, na kifua kinapata mgao kama viungo vingine. Ndiyo maana nilitetemeka sana na kupumua kidogo.

Akanieleza pia kinachotokea ndani. Salbutamoli inalegeza misuli iliyozunguka njia za hewa. Misuli ya mikono na miguu nayo ina vipokezi, yaani sehemu ambazo dawa hujishikiza, vya aina ileile, kwa hiyo dawa ikizidi kwenye damu mikono inatetemeka, moyo unakimbia, kichwa kinagonga, na potasiamu inasukumwa kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Potasiamu ikishuka sana, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Hayo ndiyo madhara. Lakini akanishika bega akasema, "Mzee, mtetemeko wa mipulizo miwili mitatu hupita wenyewe. Kilichokuwa kinakuua jana ni kifua." Misuli hata ikilegea, uvimbe na makohozi vinabaki ndani ya njia za hewa, na dawa ya bluu haivigusi.

Kipimo alichoniandikia mimi mtu mzima: siku za kawaida mpulizo 1 au 2 ninapobanwa, nikijikuta nimepita mipulizo 8 ndani ya saa 24 hiyo si siku ya kawaida tena, natafuta daktari siku hiyohiyo. Vilevile kama nafuu haidumu saa 4.

Shambulio lina utaratibu wake. Kaa wima, usilale. Tumia spesa, ile chupa ya plastiki inayokaa kati ya inhela na mdomo. Piga mpulizo mmoja, vuta pumzi mara nne tano humo ndani ya spesa, ngoja nusu dakika hadi dakika moja, piga mwingine, mpaka 10. Kama bado, watu wawe tayari wanatafuta gari au wanapiga 999 au 112, na baada ya dakika 10 unaweza kurudia hiyo 10 mkiwa njiani. Hapo huachi kwa sababu mikono inatetemeka. Unaendelea huku unakimbizwa hospitali. Mimi nilifanya kinyume: nilijitibu nyumbani saa saba nzima, halafu wakati wa kuitumia ulipofika nikaiacha.

Nauliza wenzangu: mnatumia kiasi gani kwa siku? Kuna anayehesabu?

Mama Pacha, Umoja

Pole sana ndugu yangu, na ahsante. Mimi sina pumu ila nina pacha wa miaka mitatu. Wiki jana wote walikuwa na mafua na kikohozi. Kemisti wa hapa chini akanipa sirapu ya salbutamoli na chupa nyingine ya kikohozi. Nimewapa kijiko kimoja kimoja mara tatu kwa siku. Usiku wa pili mmoja hakulala kabisa, anarukaruka kitandani, mikono inacheza, nikimwekea mkono kifuani moyo unakimbia kama wa kuku. Je, ni dawa? Nimeziacha zote mbili tangu jana na leo ametulia.

Mfamasia wa Mtaa

Mama Pacha, ninaloliandika hapa ni la jumla, mtoto bado apelekwe aonekane. Lakini soma maelezo ya chupa zote mbili sasa hivi. Dawa nyingi za maji za kikohozi zina salbutamoli ndani yake pamoja na za kulainisha makohozi. Inawezekana ulikuwa unampa salbutamoli mara mbili bila kujua.

Na kijiko ni kipi? Sirapu ya kawaida ina miligramu 2 kwa kila mililita 5. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 akihitaji kweli hupewa miligramu 1 hadi 2, yaani mililita 2.5 hadi 5. Kijiko cha mezani kinachukua karibu mililita 15. Hiyo ni miligramu 6 kwa mkupuo mmoja kwa mtoto wa miaka mitatu! Nimekutana na hili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ukipewa sirapu yoyote omba bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Tunayo, hata kama hujaandikiwa.

Sasa niseme kuhusu kazi yetu wenyewe. Mafua ya kawaida hayahitaji dawa ya kufungua kifua. Kikohozi cha mafua hakitokani na misuli ya njia za hewa kukaza, kwa hiyo salbutamoli haina pa kufanyia kazi, inabaki kumtetemesha mtoto tu. Mwenye kifua kinachopiga filimbi ndiye anayeihitaji, na huyo afadhali ya kuvuta kwa spesa yenye barakoa. Tunaouza dawa mitaani tunaitoa sirapu hii kwa urahisi mno, kwa sababu mzazi anataka kuondoka na chupa mkononi. Mimi pia nimewahi kuitoa hivyo, na nimeacha.

Mkiwa nyumbani mhesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40 au zaidi, au ngozi chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, au hanywi, hapo mpeleke kituo cha afya bila kungoja kesho.

Mama Pacha, Umoja

Nimeangalia. Zote mbili zina salbutamoli. Na nilitumia kijiko cha supu. Jameni. Kesho asubuhi naenda nao kliniki.

Nduthi Kawangware

Fundi, mimi naendesha boda. Vumbi, moshi wa matatu, baridi ya alfajiri, unajua. Umeuliza nani anahesabu, mimi sijawahi. Ila najua inhela moja hunimaliza mwezi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki napiga mbili, mchana nikibanwa mbili, usiku pia. Hospitali sijalazwa hata mara moja. Najiona niko sawa tu. Tatizo langu ni moyo kwenda mbio nikinywa zile soda za kuongeza nguvu kwenye steji. Je, nibadilishe inhela?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kaka wa nduthi, nimesoma ujumbe wako mara mbili na nakujibu kabla sijaingia zamu.

Kopo moja lina mipulizo 200. Ukilimaliza kwa mwezi ni kama 6 au 7 kila siku. Miongozo ya kimataifa ya pumu ya GINA inasema mtu anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka tayari yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali, na anayefikia 12 au zaidi kwa mwaka hatari yake ya kufa inaongezeka. Wewe uko kwenye 12. Hujalazwa, lakini tafadhali usiite hali hiyo kuwa sawa. Wengi tunaowapokea saa 9 usiku walikuwa wanasema hivyohivyo.

Tena si jambo jipya. Miaka ya 1960 kule Uingereza vifo vya pumu vilipanda baada ya inhela kali za isoprenalini kuenea. New Zealand nayo ilipata wimbi la vifo kuanzia 1976, na fenoteroli, dawa nyingine ya kufungua kifua, ndiyo iliyonyoshewa kidole. Onyo lilipotolewa mwaka 1989 vifo vikashuka. Salbutamoli ni salama kuliko hizo. Lakini tabia ya kutegemea dawa ya kufungua peke yake, huku uvimbe unaendelea kukua chini chini, ni ileile. Tangu 2019 GINA haipendekezi tena mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe kwa salbutamoli pekee. Kila mwenye pumu anatakiwa awe na dawa ya kuvuta yenye steroidi, ya kupunguza uvimbe: ama beklometasoni au budesonidi ya kila siku, ama inhela moja iliyochanganya budesonidi na formoteroli, inayotumika kama kinga na pia unapobanwa. Hiyo ya mchanganyiko nayo ina ukomo. Ile iliyoandikwa 200/6, mtu mzima asipite mivuto 12 kwa siku, na akianza kuikaribia aende hospitali.

Kwa hiyo ndiyo, kaka, ubadilishiwe, na daktari aliyekusikiliza kifua. Steroidi huchukua siku kadhaa hadi wiki ndipo uone tofauti, usiiache siku ya tatu ukisema haifanyi kazi. Sukutua mdomo na uteme kila baada ya kuivuta, usije ukapata utando mweupe mdomoni. Na hizo soda zina kafeini, ambayo nayo inakimbiza moyo. Zikikutana na salbutamoli lazima uone mbio hizo.

Ishara za kutokusubiri hata dakika: huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ya bluu au kijivu, usingizi wa ajabu au kuchanganyikiwa, na kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kimenyamaza ghafla ilhali mtu bado anahangaika. Ukimya huo watu huudhania nafuu. Maana yake hewa haipiti.

Msafiri wa Rongai

Kwa heshima zote, mimi nilikuzwa nikiambiwa inhela ni ya mgonjwa aliyefika mwisho, na ukiianza mwili unaizoea huwezi kuiacha. Mamangu alitumia Franol miaka na miaka, kidonge usiku analala. Kwa nini tunakimbilia inhela wakati vidonge vipo na ni bei nafuu?

Fundi wa Gikomba

Msafiri, sikulaumu, maana hata mimi nililelewa na maneno hayohayo. Nilikuwa nikiificha inhela kwenye soksi shuleni Machakos ili nisionekane mgonjwa wa mwisho. Lakini rudi kwenye hesabu ya kadi yangu: mipulizo miwili ni maikrogramu 200, kidonge ni 4,000. Anayeogopa dawa kuzoea mwili anaikimbia dawa ndogo na kukimbilia kubwa mara 20. Naumia nikifikiri ni watoto wangapi Nairobi wamenyimwa inhela na wazazi wanaowapenda kwa sababu ya neno hilo moja.

Mfamasia wa Mtaa

Niongeze kuhusu Franol. Ndani yake kuna teofilini na efedrini. Teofilini inafungua kifua kweli, lakini kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru pana nafasi nyembamba. Ikizidi huanza kichefuchefu na kutapika, halafu moyo kwenda ovyo, hata degedege kwa mtu mzima. Na kiasi kilekile ulichozoea kinaweza kuzidi bila wewe kuongeza kidonge. Siprofloksasini, ile ambayo watu hununua tumbo likiharibika, inaizuia teofilini kutoka mwilini. Erithromisini vilevile. Kinyume chake, rifampisini ya kifua kikuu na uvutaji wa sigara huifanya itoke haraka, kwa hiyo mvutaji akiacha sigara, teofilini yake inapanda. Mama yako alikuwa na bahati, Msafiri, au alikuwa na daktari mzuri. Efedrini nayo inapandisha presha.

Mwalimu Mstaafu, Kahawa Wazi

Wanangu, nimefuatilia. Nina miaka 67, nilivuta sigara miaka 30, mapafu yangu yameharibika na natumia inhela mbili. Mwaka jana kifua kikawa kinabana kila asubuhi na jioni, inhela ya bluu ikawa kama maji. Nikaongeza mipulizo, moyo ukaanza kurukaruka. Ilichukua wiki tatu mpaka daktari mmoja kijana akaniuliza, "Mwalimu, umeanza dawa gani nyingine?" Nikasema hakuna, ila matone ya macho tu. Presha ya macho. Akaomba aone chupa. Ilikuwa timololi. Sikujua kwamba tone la jicho linaweza kuingia hadi kifuani. Aliyenipa matone hakuniuliza kuhusu kifua, nami sikudhani linamhusu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo Mwalimu. Nashukuru umelisema, maana hili linasahaulika sana. Tone hushuka kwa mfereji wa machozi hadi puani, kisha kwenye damu. Timololi ni ya jamii moja na propranololi, ambayo watu hupewa kwa kipandauso, presha, au mikono inayotetemeka. Zinafunga vipokezi vilevile ambavyo salbutamoli inatafuta kuvifungua. Mwenye pumu akizimeza kifua kinabana na inhela inakosa pa kushika.

Na hebu fikirieni: mtu anatetemeka kwa sababu ya salbutamoli nyingi, anakwenda kueleza mtetemeko bila kutaja pumu, anarudi na propranololi. Kwa hiyo kila unapopewa dawa mpya, hata tone, hata ya kupaka, sema neno "pumu" kwanza. Wenye maradhi ya moyo, kisukari au tezi ya shingo iliyozidi kazi nao wataje. Wanaotumia dawa za kukojoza maji kama furosemidi wajue kwamba nazo hushusha potasiamu, juu ya ile inayoshushwa na salbutamoli. Wajawazito, msiache inhela zenu. Shambulio ni hatari zaidi kwa mtoto aliye tumboni kuliko mpulizo.

Mwalimu, kama moja ya inhela zako ni ipratropium, ukungu wake usiingie machoni. Nao unaweza kupandisha presha ya macho.

Na mara chache sana mtu hupiga mpulizo na kifua kinabana palepale zaidi ya mwanzo. Hilo likitokea si la kurudia, ni hospitali.

Mama Pacha, Umoja

Tumetoka kliniki. Mmoja ni mafua tu. Huyu mwingine kifua kinapiga filimbi kidogo, amepewa inhela, na spesa dukani nimeikosa. Nimesikia kuna ya chupa ya maji, ni kweli au ni maneno ya mtaani?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ni kweli mama. Ilipimwa kwa watoto huko Cape Town, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1999: chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifungua kifua sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha povu ndicho kilichofanya vibaya.

Toboa sehemu ya chini ya chupa kwa waya uliopashwa moto, umbo liwe sawasawa na mdomo wa inhela, iingie kwa kubana, kisha ziba pembeni kwa gundi. Mtoto anavutia pale penye mdomo wa chupa. Kwanza ioshe kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa maana plastiki iliyosuguliwa huvuta dawa ikagandama ukutani. Tikisa inhela, mpulizo mmoja, pumzi tano au sita za kawaida, halafu mwingine kama ulivyoandikiwa. Usipige miwili kwa pamoja. Angalia mabaki ya plastiki kwenye tundu yasije yakavutwa. Na ukipata spesa yenye barakoa inunue, kwa mtoto wa miaka mitatu ndiyo inayomfaa zaidi.

Fundi wa Gikomba

Kuhusu kuhesabu: makopo mengi ya bei nafuu hayana kihesabio, na kuliweka kopo kwenye maji uone kama linaelea hakukuambii kitu. Linaweza kupuliza hewa tupu ukadhani ni dawa. Mimi naandika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya alama kwenye kopo, na kila siku naandika idadi kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la mbao. Julai, kabla ya ule usiku, ningekuwa nimeandika 8, 9, 11, 10. Wiki hii, na beklometasoni yangu asubuhi na jioni na barakoa wakati wa kupiga msasa, ni 0, 2, 0, 0, 1.

Nduthi Kawangware

Nimehesabu tangu Jumatatu. 7, 6, 9, 8. Ile 9 ilinitisha. Leo sijawasha pikipiki, niko kwenye benchi la kliniki ya kifua na kopo langu mfukoni na hizo namba kwenye karatasi. Mbele yangu wamebaki watu kumi na mmoja.